Wanaoingia na Wanaotoka: Umaskini wa Kitale na Bungoma

Msamiati wa Kiswahili haukosi majina ya mtu asiye na kitu. Yuko maskini, yuko fukara, yuko mkata, yuko hohehahe; na kwa lugha ya mjini yuko kabwela na mlalahoi. Mwanafunzi wa semantiki anaweza kuyapanga majina haya kwa daraja, kuanzia anayepungukiwa kidogo hadi asiyekuwa na mbele wala nyuma. Hata hivyo, yote yana sifa moja ambayo aghalabu haitiliwi maanani: yanamtaja mtu kana kwamba alizaliwa katika hali hiyo na atazikwa nayo. Miongoni mwayo hakuna jina la mtu aliyekuwa na ng'ombe sita mwaka juzi na leo hana hata ndama. Wala la yule aliyepalilia mashamba ya watu miaka kumi iliyopita na leo yeye ndiye anayewaita vibarua. Vitenzi vipo, tena vingi: kufilisika, kudidimia, kuporomoka, kuinukia, kuneemeka, kujikwamua. Lakini mjadala wa umaskini katika kumbi za mihadhara, magazetini na hata katika uhakiki wa riwaya huendeshwa kwa majina, si kwa vitenzi.

Hili si suala la lugha tupu. Anayeuona umaskini kuwa jina hutafuta dawa ya maskini. Anayeuona kuwa kitenzi huuliza kwanza ni nini kilichomwangusha huyu na ni nini kilichomwinua yule, na maswali hayo mawili hayana jibu moja. Kitale na Bungoma ni mahali panapofaa sana kulichunguza jambo hili. Huko ardhi ina rutuba, mvua ni ya kutosha katika miaka mingi, watu hawaogopi jembe. Na bado ni vigumu kupata kijiji kisichokuwa na boma lililokuwa likisifiwa zamani na ambalo sasa linasikitikiwa.

Wahenga walilijua jambo hili kuliko wahakiki. Walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, wala hawakusema hayo kumfariji mvivu. Walikuwa wakieleza walichokiona: mali huja na kwenda, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, na anayesimama pwani saa sita za mchana hawezi kuapa kwamba ameiona bahari yote.

Takwimu za kitaifa husimama pwani kwa namna hiyo hiyo. Kwa mujibu wa Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, Wakenya waliokuwa chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 46.6 katika utafiti wa 2005/06, na asilimia 36.1 katika ule wa 2015/16. Msomaji wa haraka huhitimisha kwamba mmoja kati ya kila kumi alitoka na waliosalia walibaki pale pale. La hasha. Matatu ikiondoka Kitale na abiria 14 na kufika Bungoma na abiria 14, haina maana kwamba abiria ni wale wale. Huenda watano walishuka Kiminini na wengine watano wakapanda Kamukuywa. Mtu anayehesabu vichwa kituoni hataona mabadiliko yoyote, ilhali kondakta anajua kwamba gari lilikaribia kubadilika lote njiani.

Kondakta wa mambo haya alikuwa mtafiti Anirudh Krishna, ambaye pamoja na wenzake walifanya utafiti katika vijiji 20 vya Vihiga na Siaya, ujirani wa Bungoma, na kuuchapisha mwaka 2004. Mbinu yao ilikuwa nyepesi na ya busara. Hawakwenda na mizani ya dola moja kwa siku. Waliwakusanya wanakijiji na kuwauliza: mtu akianza kujikwamua kutoka katika ufukara wa kupindukia, hufanya nini kwanza? Jibu lilikuwa chakula, kisha mavazi, kisha kuikarabati nyumba, kisha karo ya watoto, kisha kuku, kondoo na kadhalika, hatua kwa hatua. Wanakijiji wenyewe ndio waliosema mtu huacha kuitwa maskini anapofika hatua gani. Baadaye historia ya kila boma ikachunguzwa kwa kipindi cha miaka 25. Ikabainika kwamba asilimia 19 ya familia zilitoka katika umaskini katika muda huo, na asilimia 19 nyingine ziliingia. Hesabu ya jumla haikusogea hata kidogo, lakini karibu familia mbili katika kila tano zilikuwa zimehama.

Lililo zito zaidi katika matokeo hayo ni sababu. Waliotoka walitoka hasa kwa njia ya kazi ya mshahara ya mmoja wa familia, biashara ndogo ya kuongezea kilimo, au zao la kuuza. Walioingia hawakuingia kwa kukosa hayo tu. Waliingizwa hasa na maradhi na gharama za matibabu, na gharama za mazishi. Kwa maneno mengine, mlango wa kutokea si ule wa kuingilia. Mtu anaweza kuupanua wa kwanza kwa miaka mingi na asipunguze hata mmoja kati ya wanaomiminika kupitia wa pili. Kitale na Bungoma hazikuwa katika utafiti ule, ila historia yazo inaonyesha milango hiyo miwili kwa uwazi mkubwa, na inaongeza mengine ambayo ni yao pekee.

Kitale ni mji uliojengwa juu ya mahindi ya watu wengine. Walowezi wa Kizungu walimiminika Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, reli ikafika mwaka 1926, na mwaka 1956 kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ikaanzishwa huko huko. Waafrika walikuwa vibarua na maskwota katika mashamba hayo. Baada ya uhuru wa 1963 mambo yaligeuka. Wakulima kutoka Bungoma, Kakamega na kwingineko walichanga fedha katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakayanunua mashamba ya walowezi na kuyagawana. Huo ulikuwa mlango mpana wa kutokea. Pengine haujapata kufunguka mwingine mpana kama huo katika eneo lote la magharibi. Aliyekuwa kibarua katika miaka ya 1950 aliweza, kufikia miaka ya 1970, kuwa na ekari zake, kuuza maziwa kwa kiwanda cha KCC na mahindi kwa halmashauri ya nafaka, na kumpeleka mwanawe shule ya bweni.

Lakini mlango huo ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni karatasi. Wanachama wengi wa kampuni hizo walikuwa na hisa na stakabadhi tu, hawakuwa na hatimiliki. Na mwenye stakabadhi hulala usingizi wa mpangaji hata akiwa amejenga nyumba ya mawe. Ya pili ni hesabu ya kawaida ambayo haihitaji mtaalamu. Ekari 20 zikigawiwa wana watano ni ekari nne kwa kila mmoja. Kila mmoja wao akiwa na wana wanne, mjukuu anapata ekari moja. Babu aliyetoka katika umaskini kwa ununuzi wa shamba ana mjukuu anayeurudia umaskini kwa urithi wa shamba lile lile, wala hakuna aliyefanya kosa baina yao. Si mvua iliyoadimika wala udongo uliochoka. Ni kigawanyo tu.

Mjukuu huyo hulima mahindi kama babu yake, na kalenda ya mahindi haimhurumii. Hupanda Machi na Aprili, huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Januari shule zinafunguliwa. Kwa hiyo huuza wakati ambapo kila mtu anauza, kwa bei anayoitaja dalali langoni. Na kufikia Juni, ghala likiwa tupu, huyanunua mahindi yale yale kwa gorogoro kwa bei ya juu. Ni mlanguzi aliyepinduliwa kichwa chini: huuza rahisi, hununua ghali. Halmashauri ya nafaka, ambayo ingemwokoa, imekuwa na vituko vyake. Mnamo 2018 ilifichuka kwamba wafanyabiashara walilipwa mamilioni kwa mahindi waliyoyapeleka ghalani huku wakulima wa kaskazini mwa Bonde la Ufa wakiendelea kusubiri malipo yao. Kungoja malipo kwa miezi kadhaa si usumbufu mdogo kwa mwenye ekari moja. Ni mtoto kurudishwa nyumbani, ni mbolea kutonunuliwa kwa wakati, ni mavuno ya mwaka unaofuata kupunguka kabla hata mbegu haijatiwa ardhini.

Ukingoni mwa mji huo huo wa Kitale kuna Kipsongo, mtaa wa vibanda ambao wakazi wake wengi ni Waturkana. Walikuja si kwa uvivu wala kwa kupenda taa za mji. Walikuja baada ya mifugo yao kumalizwa na ukame na wizi wa mifugo huko kaskazini. Mtu aliyekuwa na kundi la mbuzi na ngamia, anayeheshimiwa barazani, alishuka Kitale na kuanza kuokota mahindi yaliyodondoka. Watoto waliozaliwa pale wakaitwa na wenyeji maskini wa Kipsongo, kana kwamba umaskini ni kabila lao. Hapo ndipo jina linapofanya udhalimu: linaifuta safari nzima na kumbakiza mtu katika kituo chake cha mwisho.

Bungoma ina hadithi nyingine, na hiyo ni hadithi ya viwanda. Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Kule Webuye kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi katika muongo huo huo. Milimani, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kulikuwa na kahawa. Kwa takriban miaka 15 familia ya Bungoma iliyokuwa na nidhamu ilikuwa na ngazi tatu za kupandia, na nyingi zilipanda. Nyumba za mabati zilichukua nafasi ya nyasi. Webuye ilivuma kwa moshi wake unaonuka, na wafanyakazi wa huko walikuwa wakitania kwamba hiyo ndiyo harufu ya mshahara.

Ngazi hizo ziliondolewa moja baada ya nyingine, watu wakiwa wangali juu. Kahawa ilitangulia. Mfumo wa kimataifa wa kugawiana kiasi cha mauzo ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka duniani kote, na wakulima wengi wakang'oa mibuni au kuiachia magugu. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mapema mwaka 2009. Juhudi za kukifufua hazikudumu, hadi kilipouzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2016. Nzoia haikufungwa siku moja, ilidhoofika taratibu. Mkulima wa miwa alipewa na kampuni huduma za kulimiwa, mbegu na mbolea kwa mkopo, akangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi miwa ikomae, akangoja ikatwe, akangoja ipimwe, kisha akangoja malipo ambayo makato yalikuwa yamekwisha kuyatafuna. Katika vipindi vya ukosefu wa fedha wafanyakazi walikaa miezi bila mishahara. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, Nzoia ikiwa mmojawapo, kwa kampuni za kibinafsi.

Inafaa kutanabahi hapa jambo ambalo wachumi hulipita upesi. Kiwanda kinapofungwa, anayeanguka si mfanyakazi peke yake. Mama aliyekuwa akiuza uji langoni, mwenye nyumba za kupangisha, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya chekechea ya kulipiwa: hao wote huanguka bila kuwamo katika orodha ya walioachishwa kazi. Hawalipwi kiinua mgongo. Hawaandikwi magazetini. Wao ni asilimia isiyohesabiwa, na ndio wengi.

Hata hivyo, mtu anaweza kuishi mbali na kiwanda chochote na bado akashuka, na wengi hushuka kwa njia ya hospitali. Mwenendo wake unajulikana kijijini kiasi kwamba ungeweza kuandikwa kama kanuni ya sarufi. Mmoja wa wazazi anaugua. Fedha za chama huchukuliwa kwanza. Halafu kuku na mbuzi. Halafu miti ya mkaratusi hukatwa kabla ya umri wake, kwa bei ya kuni. Halafu ng'ombe wa maziwa huuzwa, na ng'ombe huyo hakuwa mali tu, alikuwa karo ya kila muhula. Mgonjwa anapewa rufaa kwenda Eldoret. Hapo kipande cha shamba hukodishwa kwa misimu mitatu au minne, na mwenye boma anakuwa kibarua katika ardhi yake mwenyewe. Hatimaye binti wa kidato cha pili anaacha shule ili amwangalie mgonjwa. Kila hatua katika mfuatano huu ni ya busara. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemwacha mwenzake afe ili ng'ombe asiuzwe. Na hata mgonjwa akipona, boma haliponi, kwa kuwa vyote vilivyouzwa vilikuwa vyombo vya kuzalishia: kilichobaki ni wanaokula, bila kinacholisha.

Ndiyo maana wale wanaomwona maskini kuwa mtu asiyejua kupanga maisha hukosea kabisa. Aghalabu aliyeanguka alikuwa mpangaji hodari. Alipanga kwa ajili ya mvua, karo na mbolea. Hakupanga kwa ajili ya figo.

Iwapo mgonjwa hakupona, mazishi yanafuata. Suala hili linahitaji kuzungumzwa kwa adabu, kwani limezoea kuzungumzwa kwa kejeli. Msomi wa Nairobi huzuru matanga ya Bungoma, akaona mafahali wakichinjwa, mahema, vipaza sauti na umati unaolishwa kwa siku kadhaa, akarudi na kuandika kwamba watu hawa wanajifukarisha. Anaona nusu ya jambo. Miongoni mwa Wabukusu, mzee mwenye hadhi akifariki, kunaweza kufanywa khuswala kumuse, ambapo msemaji maalumu husimama mbele ya umati na kunena historia ya ukoo, kuusia na kufariji. Wanafunzi wa fasihi simulizi wameistahi sanaa hiyo, na ni haki yake. Lakini hafla ile ni zaidi ya sanaa. Ni mahali ambapo deni na undugu huhesabiwa hadharani. Familia inayozika vizuri hubaki katika mtandao wa watu watakaoisaidia siku ya dhiki, na inayozika kichoyo hujitenga. Kwa asiye na bima, watu ndio bima. Ada ya bima hiyo hulipwa matangani.

Pamoja na hayo, ukweli wa upande wa pili usifichwe. Ada imepanda kupita kiasi. Mjane aliyekwisha kuuza ng'ombe hospitalini hana cha kuwachinjia waombolezaji, na bado shinikizo la shemeji na majirani linamtaka achinje. Jeneza, gari la kubebea maiti kutoka Eldoret au Nairobi, ada ya makafani ambayo hupanda kila siku mwili unapocheleweshwa, vyote hivyo havikuwamo katika desturi ya wazee. Desturi ya kufarijiana imevikwa gharama za biashara. Wakati mwingine mjane huyo, baada ya arobaini, hugundua kwamba shamba alilolilima kwa miaka 20 limeandikwa jina la baba mkwe aliyekufa zamani, na mashemeji wameanza kupima mipaka. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa haki. Haki hiyo iko mahakamani, naye hana nauli. Watu watatu walizikwa siku ile, mtu akitaka kusema kwa balagha: mume, ng'ombe na shamba.

Kuna njia nyingine ya kuingia ambayo haikuhitaji ugonjwa. Mapigano ya kikabila ya miaka ya 1991 na 1992 yaliwafukuza maelfu mashambani mwao katika Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi ya mpango wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita la kulinda ardhi ya Wasabaot, na Machi 2008 wanajeshi wakapelekwa Mlima Elgon; raia waliumizwa na pande zote mbili. Familia ambazo zilikuwa na maghala ya mahindi ziliamkia kambini zikipanga foleni ya unga. Zipo zilizorudi na kuinuka tena. Zipo ambazo hazikurudi, na leo vijana wao wanasukuma mikokoteni Kitale bila yeyote kukumbuka kwamba babu yao alikuwa na trekta.

Vipi basi wale wanaotoka? Njia kubwa imebaki kuwa ile ile ya mtoto mmoja aliyeajiriwa, mwalimu au askari au muuguzi, anayewavuta wadogo zake mmoja mmoja. Ni njia nyembamba, nayo ina kodi yake: aliyeajiriwa hubeba mzigo wa boma zima, na mshahara wa mtu mmoja hulishwa watu kumi na wawili. Njia ya pili ni ya mkulima mdogo kupata mbegu na mbolea kwa wakati. Shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma mwaka 2006 kwa wazo hilo: wakulima katika vikundi wapewe pembejeo kwa mkopo, wafunzwe, walipe kidogo kidogo. Wazo ni zuri na wengi wamenufaika. Hata hivyo, mbegu bora haizuii malaria, na mavuno maradufu yanaweza kumezwa na upasuaji mmoja.

Kisha kuna bodaboda. Tangu serikali iondoe kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wa Bungoma na Kitale wamepata kazi ambayo haimuulizi mtu cheti. Ni mlango wa kutokea usiokanushika. Jioni kijana ana fedha mkononi, jambo ambalo muwa haujapata kumfanyia baba yake. Lakini mlango huo huo ni wa kuingilia vile vile. Ajali moja kwenye barabara ya Webuye humwacha dereva na mguu uliovunjika, pikipiki iliyoharibika na mkopo wa pikipiki hiyo, ambao hauna huruma ya mifupa. Pengine hakuna mfano bora wa jinsi kutoka na kuingia kunavyoweza kukaa juu ya magurudumu mawili yale yale.

Hoja inayojitokeza ni kwamba serikali za kaunti na mashirika yamejishughulisha mno na kuwatoa watu na kidogo mno na kuwazuia wasiingie. Ni kutia maji pakachani. Kaunti hugawa ndama, hugawa miche ya kahawa, hufungua mafunzo ya ujasiriamali. Ndama huyo huyo huuzwa miaka miwili baadaye kulipia dawa ambazo hazikuwapo katika zahanati ya umma. Bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 badala ya ile hazina ya zamani ilikuwa fursa ya kuufunga mlango mkuu wa kuingilia. Lakini iliwataka wasio na mshahara walipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Sharti kama hilo limeandikwa na mtu mwenye mshahara. Mkulima wa Kiminini ana fedha Novemba, hana Mei. Kibarua wa Kipsongo ana za leo tu. Laiti mchango ungefuata kalenda ya mahindi na miwa, ukakatwa gunia linapopimwa, wengi wangelipa bila kushurutishwa. Ni huduma hizo pia ndizo zingemwondolea mjane nusu ya shinikizo la matangani, kwa kuwa angefika makaburini akiwa bado na ng'ombe.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina la kufanya, tena si dogo. Riwaya zimewazoeza wasomaji tajiri dhalimu na maskini mwema, wahusika wawili wasiopishana mlangoni. Yapo mambo ya kujivunia nje ya mtindo huo. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya 1976, alionyesha jinsi watu waliolifufua shamba kwa jasho wanavyoweza kung'olewa na warithi wenye nguvu, na mjane wa Bungoma angeielewa riwaya hiyo bila mwongozo wa mwalimu. Ken Walibora, aliyezaliwa Baraki katika Bungoma na kuaga dunia mwaka 2020, alimleta mhusika mkuu wa Siku Njema kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kizazi cha wanafunzi kimeisoma safari ile kama ya kijiografia. Ni wachache waliouliza kwa nini ilikuwa Kitale, mji ambao kwa nusu karne umekuwa ukipokea watu wanaotafuta mahali pa kuanzia upya.

Wanafunzi wa vyuo vya eneo hilo, Kibabii na Masinde Muliro, huenda mashinani kila mwaka kukusanya methali, nyimbo na masimulizi. Huwauliza wazee habari za mazimwi na za asili ya koo. Wangeweza kuongeza, katika hojaji hiyo hiyo, maswali matatu ambayo hayana gharama yoyote: boma hili lilikuwa na nini mwaka kiwanda cha Webuye kilipofungwa? Lina nini leo? Na ni neno gani, kwa Lubukusu au kwa Kisabaot, linalomtaja mtu aliyekuwa nacho kisha akakikosa?